Mwamba, Rafadha na Hesabu ya Fundi: Habari za Vyombo vya Maziwa Yetu

Katika mwaka wa yubile watu hukumbuka majina: maaskofu, mapadre, walimu wa kwanza, na wazee waliotoa viwanja vya makanisa. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini pande za maziwa liko kundi jingine la watumishi wasio na makaburi wala picha ukutani, nao ni vyombo: mashua, majahazi na stima zilizochukua barua, dawa, unga, walimu na wagonjwa kutoka ufuko hata ufuko. Habari za siku ya kuvishusha majini zimeandikwa mara nyingi, maana siku ile palikuwa na nyimbo na bendera. Habari za siku ya kupanda mwamba ni chache, kwa kuwa siku ile hapakuwa na mtu aliyetaka kuimba. Sisi twataka kuandika habari za siku ile ya pili, na hasa za mtu mmoja asiyefikiriwa sana: fundi aliyeingia ngamani na taa mkononi, akagonga chuma kwa nyundo ndogo, akasikiliza, kisha akatoka kueleza kilichoharibika na gharama itakayotakiwa.

Hesabu yake haikuwa ya chuma peke yake. Bamba la chuma ambalo huko Ulaya lingenunuliwa asubuhi na kupigiliwa jioni, huku lilitaka barua, merikebu ya bahari, mashua ya mtoni, wapagazi wa nchi kavu, na miezi mingi ya kungoja. Kwa hiyo bei ya mwamba katika bara hii ilihesabiwa kwa njia na kwa siku kuliko kwa fedha, na mara nyingine kwa uhai wa watu. Asiyefahamu jambo hili hawezi kuelewa kwa nini wazee walihangaika sana kwa ajili ya chombo kimoja kilichotoboka.

Tuanze katika mto Zambezi, maana huko ndiko watu walikojifunza mapema, tena kwa uchungu. Mwaka 1858 Livingstone alileta stima iliyoitwa Ma Robert, jina ambalo wenyeji walimwita mke wake kwa ajili ya mwana wao Robert. Iliundwa na Laird wa Birkenhead, nayo ilikuja kwa vipande vitatu vya kuunganishwa. Mabamba yake yalikuwa ya chuma cha pua, kitu kigeni siku zile katika kuunda vyombo, na unene wake ulikuwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inji. Shauri lenyewe halikuwa la kipumbavu. Chombo chepesi huelea juu ya mafungu, na Zambezi una mafungu mengi. Lakini chuma chembamba hakina akiba. Kutu ikila kidogo tu, imekula sehemu kubwa ya unene wote. Muda si muda yakatokea matundu, wakawa wakiyaziba hapa, yakatokea pale. Tanuri yake nayo ilikula kuni hata kazi ya kukata kuni ikapita muda wa safari yenyewe, na wasafiri wakaipa jina la mwenye pumu.

Mwisho wake ulikuja tarehe 21 Desemba 1860, upande wa Sena. Haikupigwa na mwamba mkubwa. Ilipanda fungu la mchanga, maji yakaingia, ikajaa, ikapotea. Hapo twaona jambo ambalo kila fundi hulijua na wenye mali hawapendi kulisikia, ya kuwa pigo la mwisho halibebi lawama lote. Chombo chenye mabamba mazima kingepanda fungu lile, kikapakuliwa mizigo, kikavutwa kwa nanga, kikaondoka na mikwaruzo. Ma Robert haikuwa na mahali pa kupigilia kiraka, kwa kuwa kiraka chataka chuma kizima kandokando ya tundu, nacho hakikuwapo. Kwa hiyo hapakuwa na gharama ya kuitengeneza. Palikuwa na hasara tu.

Mwaka uliofuata, 1861, ikaja stima nyingine, Pioneer, ambayo baadaye iliwapandisha mto Shire Askofu Mackenzie na wenzake wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Hiyo ilikuwa imara, lakini ilizama futi tano majini, na mto Shire katika sehemu nyingi haukuwa na kina hicho. Basi ilipanda mafungu mara kwa mara, na kila mara watu walichukua nanga kwa mashua, wakaitupa mbele, wakazungusha mtambo wa kamba mpaka chombo kikajivuta. Majuma mazima yalipotea hivyo. Mmoja wa vyombo hivi viwili ulikuwa mwepesi ukakosa nguvu, wa pili ulikuwa na nguvu ukakosa wepesi, na wote wawili ulidaiwa siku.

Lakini hasara iliyo kubwa kuliko zote katika safari zile haikutoka katika stima. Mwezi wa Januari 1862 Askofu Mackenzie na Padre Burrup walishuka kwa mtumbwi kuelekea mahali mto Ruo unapoingia Shire, wakutane na Livingstone. Njiani mtumbwi ulipinduka, wakapoteza sanduku la dawa. Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa bei ndogo, tena uliinuliwa ukaendelea na safari. Kama mtu angeulizwa usiku ule kukadiria hasara, angesema ni mizigo michache. Homa ikaja, na dawa ya homa ilikuwa chini ya mto. Askofu alikufa tarehe 31 Januari 1862, na Burrup akamfuata mwezi uliofuata.

Livingstone mwenyewe alikuwa na chombo cha tatu, Lady Nyassa, alichokilipia karibu paundi 6,000, kilichoundwa makusudi ili kifunguliwe vipande, kipitishwe nchi kavu kando ya maporomoko ya Shire, na kuunganishwa tena kwa safari za ziwani. Hakikufika ziwani kamwe. Mwaka 1864 alikiendesha mwenyewe kutoka Unguja hata Bombay, akakiuza kwa paundi 2,300. Chombo kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni njia.

Miaka kumi na minne baadaye, katika ziwa jingine kubwa zaidi, likatukia jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo fundisho bora la ukadiriaji katika historia yote ya vyombo vya misheni. Chama cha Misheni cha Kanisa kilikuwa kimepeleka mashua, jina lake Daisy, iliyochukuliwa kwa vipande kutoka pwani mpaka Kagei, kusini ya Nyanza. Mwezi wa Juni 1878 Alexander Mackay alifika Kagei. Wenzake wawili, Shergold Smith na O'Neill, walikuwa wameuawa Ukerewe mwezi wa Desemba uliotangulia. Vitu vya misheni alivikuta vimerundikwa nyumbani bila utaratibu, vipande vya mashine ya mvuke vikichanganyika na vitabu na vifaa vya namna nyingi, na mashua iko ufukoni, imepasuliwa na jua na kuliwa na wadudu.

Mackay hakuwa mhubiri aliyejifunza ufundi kidogo njiani. Alikuwa mhandisi, aliyesomea kazi hiyo Edinburgh na kuifanya Ujerumani. Akaitengeneza Daisy kwa viraka na kalafati, na mwezi wa Agosti akatweka pamoja na Padre Wilson kuelekea Buganda. Hawakufika kwa safari moja. Tufani ikawashika upande wa magharibi wa ziwa, wakalazimika kuielekeza mashua pwani, na mawimbi yakaivunja vibaya ufukoni.

Sasa msomaji afikiri kama fundi. Mbavu zimevunjika, mbao zimepasuka. Mbao za mierezi za namna ile hazipatikani katika nchi ile. Msumeno wa kupasua magogo na muda wa kukausha mbao mpya hakuna. Pwani ni siku nyingi sana kwa miguu, na kuagiza ubao mmoja kutoka Ulaya ni kungoja mwaka au zaidi. Mkadiriaji wa kawaida angeandika neno moja tu: imekufa.

Mackay alitazama kwa namna nyingine. Hakujiuliza mashua inakosa nini. Alijiuliza ndani ya mashua hii iliyovunjika mna mbao nzima kiasi gani. Jibu likawa kwamba mbao nzima zatosha mashua moja, ila fupi zaidi. Basi wakakata futi nane za katikati, wakazitoa, wakasogeza omo na tezi mpaka zikakutana, na kwa mbao za ile sehemu iliyotolewa wakaziba majeraha ya ncha mbili. Mwenyewe alifananisha kazi hiyo na kushona viatu vifupi kwa ngozi ya buti ndefu. Iliwachukua majuma manane. Kisha wakaishusha, na mapema Novemba 1878 wakafika Buganda.

Gharama ya fedha ya kazi ile ilikuwa karibu na bure. Gharama ya kweli ilikuwa majuma manane ya watu wawili katika nchi ngeni, chakula chao na cha watu wao, na futi nane za nafasi ya mizigo ambazo hazikurudi tena. Walimu wa hesabu wakitaka mfano wa kuwafundishia watoto kwamba gharama si fedha tu, hawahitaji kwenda mbali kuliko ufuko ule.

Mashua ya matanga ina majeraha ya mbao tu, nayo huonekana. Stima ilipokuja, ilileta majeraha ya kujificha, na hapa yafaa tueleze kidogo, maana wengi wetu tumepanda stima bila kujua kilicho chini ya miguu yetu. Mashine ya mvuke huzungusha mhimili mrefu wa chuma unaolala ngamani hata tezini. Mhimili hupita katika bomba, hutoka nje ya chombo, na kwenye ncha yake imefungwa rafadha yenye mapanga matatu au manne. Mahali mhimili unapotokea hapawezi kuzibwa kabisa, kwa kuwa wazunguka. Kwa hiyo huzungushiwa kamba iliyolowekwa mafuta na kukazwa kwa parafujo, ili maji yasiingie wala mhimili usichomeke. Katikati, vipande vya mhimili huunganishwa kwa visahani viwili vilivyofungwa pamoja, na mzigo wake hubebwa na vishikizo vya shaba.

Rafadha ndiyo iliyo chini kabisa pamoja na mkuku na usukani, basi ndiyo ionanayo na mwamba mara nyingi. Panga moja likigonga jiwe, jicho huona panga lililokunjwa, na mwenye chombo husema, nyosheni panga hili twende zetu. Fundi mwema hasemi hivyo. Nguvu ya pigo haikuishia kwenye panga. Ilipanda kwa mhimili, ikapita kwenye bomba la tezini, ikafika kwenye visahani, ikasukuma vishikizo, na mwisho ikaitikisa mashine juu ya kitako chake. Jeraha la shilingi chache liko nje. Jeraha la paundi nyingi laweza kuwa ndani.

Kwa hiyo alikuwa na utaratibu. Kwanza, mashine isimamishwe, wala nahodha asirudi nyuma kwa haraka, maana jiwe lililotoboa chombo mara nyingi ndilo linaloziba tundu lake, na kujivuta ni kulizibua. Kisha maji ya ngamani yapimwe, yafuliwe, yapimwe tena, ijulikane yanaingia kwa kasi gani. Bildi itupwe pande zote ili kujua kilindi kiko wapi. Mhimili uzungushwe polepole kwa mkono, na mtu aguse na kusikiliza: ukiwa mzito upande mmoja na mwepesi upande mwingine, umepinda. Chombo kikiisha kupandishwa pwani, kijiti kilichochongwa ncha hufungwa imara karibu na rafadha, na kila panga huletwa mbele yake kwa zamu. Panga lisilofika kwenye ncha, au lililoipita, limejulikana. Mhimili hupakwa chaki na kuzungushwa karibu na ncha ya chuma, na palipofutika ndipo palipotokeza. Visahani hufunguliwa, ionekane kama nyuso zake zakutana sawasawa. Misumari ya mabamba hugongwa mmoja mmoja kwa nyundo, maana msumari uliokaza hulia sauti kali, na uliolegea hutoa sauti ya mfu.

Kuna shauri moja la wahandisi ambalo laonekana geni kwa watu wasio wa kazi hiyo. Rafadha ya shaba iliyochanganywa ni nzuri, haili kutu, na panga lake likikunjwa laweza kupashwa moto na kunyoshwa. Rafadha ya chuma cha kumimina ni ya bei ndogo nayo haikunjiki, bali huvunjika. Mtu angedhani kwamba ya kwanza ni bora mahali pote. Lakini kwenye maji ya mawe kuvunjika kwa panga kwaweza kuwa faida, kwa kuwa panga likikatika upesi, pigo halipandi kwa mhimili kwa nguvu zake zote. Ni afadhali kupoteza panga kuliko kupinda mhimili. Wazo hilo hilo limo katika mashine ndogo za siku hizi zinazofungwa tezini mwa mitumbwi ya wavuvi. Nyingine zina pini ndogo ipitayo kati ya rafadha na mhimili, iliyowekwa makusudi iwe dhaifu. Rafadha ikigonga jiwe, pini hukatika na meno ya ndani yakapona. Asiyejua huikejeli pini hiyo, akatia msumari mgumu mahali pake, na mwamba unaofuata humtoza bei ya mashine nzima. Tena wavuvi wenye akili, baada ya kugonga jiwe, hufungua parafujo ya chini na kutazama mafuta ya meno; yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, nao hawangoji mpaka chuma kilie.

Waundaji wa vyombo nao walijifunza. Stima Peace ya Misheni ya Wabatisti wa Uingereza, iliyoundwa na Thornycroft kwa ajili ya mto Kongo, ilikuwa na rafadha mbili zilizowekwa ndani ya mifereji chini ya tezi, ili zipate maji ya kutosha bila kushuka chini kuliko chombo chenyewe. Kwa njia hiyo iliweza kupita kwenye maji ya kina kidogo sana, na jiwe lililotaka kugonga rafadha lilibidi kugonga chombo kwanza. Vipande vyake vilichukuliwa vichwani kupita maporomoko ya chini ya Kongo. Mafundi waliotumwa kuja kuiunganisha walikufa kwa homa, na George Grenfell, mwenye misheni, akaiunganisha mwenyewe pamoja na wasaidizi Waafrika, hata ikaelea mwezi wa Juni 1884. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule ilifika Maporomoko ya Stanley, ambako Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia kwa watu wa Tippu Tip.

Katika Ziwa Nyasa, Misheni ya Vyuo Vikuu iliunda stima yake kubwa kwa jina la Askofu Chauncy Maples, aliyezama ziwani tarehe 2 Septemba 1895 mashua yake ilipojaa maji kwa dhoruba. Stima ile ilifunguliwa huko Glasgow ikawa mizigo 3,481, na boila lake la tani 11 likavutwa juu ya magurudumu na Wangoni 450 kupita porini, hata chombo kikashushwa majini mwaka 1901. Twaitaja hesabu hiyo si kwa kujisifu. Twaitaja kwa sababu kila kipande kati ya vile 3,481, kikivunjwa na mwamba, kilikuwa hakina ndugu yake karibu. Ndiyo maana misheni ililazimika kuwa na karakana yake huko Malindi, kusini ya ziwa, na vijana waliofundishwa kupima, kuchonga na kupigilia. Watu huzitaja shule za misheni kwa vitabu na hesabu za ubaoni. Karakana ile nayo ilikuwa shule, na mtihani wake uliwapo kila chombo kilipopandishwa kutazamwa chini.

Mtu atauliza, kwa nini miamba isiandikwe kwenye ramani, nahodha akaiepuka? Iliandikwa kadiri ilivyowezekana. Katika Nyanza, Kamanda Whitehouse wa manowari za Uingereza alipima pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa iliyofuata. Lakini mawe ya Nyanza ni mengi, hasa upande wa Mwanza, Ukerewe na Majita, ambako majabali husimama majini kama ng'ombe waliolala, mengine yakionekana mgongo, mengine yakiwa futi chache chini. Tena maziwa yetu hayakai mahali pamoja. Tanganyika lilishuka sana baada ya mwaka 1878 maji yalipojifungulia njia ya Lukuga. Nyanza lilipanda zaidi ya futi sita kati ya mwaka 1961 na 1964. Jiwe ambalo baba alilipita kwa salama, mwana hulipanda. Wavuvi wa mahali ndio waliojua mawe kwa majina, na manahodha wenye busara waliwachukua omoni.

Novemba 1914, stima Sybil iligonga mwamba karibu na Majita. Sybil na dada yake Winifred zilikuwa za Reli ya Uganda, zimeundwa Paisley huko Uskoti, zikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kisumu katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini. Vita ilipoanza zilitiwa mizinga. Majita wakati ule ilikuwa nchi ya Wajerumani, basi Sybil ilipopandishwa ufukoni isizame, ilikuwa imepandishwa mikononi mwa adui, na watu wake wakaiacha.

Hapo ukadiriaji ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Katika amani fundi angeuliza: tundu ni kubwa kiasi gani, mhimili umepinda, twahitaji mabamba mangapi? Sasa swali la kwanza lilikuwa askari wangapi watatakiwa ili fundi afike penye tundu. Na miezi ikipita, hasara huongezeka bila mtu kuipiga nyundo: mashine isiyozungushwa hushikana, kutu huingia katika vishikizo, chombo kilichoegemea upande mmoja juu ya mawe hujinyonga kwa uzito wake. Walakini Waingereza waliona kwamba stima nzima yenye tundu, iliyo maili chache kutoka maji ya kina, ni ya thamani kuliko stima mpya iliyo Uskoti. Mwaka 1915 walirudi Majita na askari, wakaielesha, wakaipeleka Kisumu palipokuwa na karakana, ikatengenezwa na kurudi kazini. Ni hesabu ile ile ya Mackay, imefanywa na watu wenye bunduki.

Vita hiyo hiyo ilionyesha upande mwingine wa kutengeneza, ambao twautaja kwa ufupi. Tarehe 13 Agosti 1914, huko Liuli katika Ziwa Nyasa, bandari iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa ajili ya jabali lake, stima Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Nahodha wake Berndt hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Rafiki yake Rhoades, nahodha wa Guendolen ya Waingereza, alikuwa amekwisha kupata. Mzinga ukalia, na Berndt akaenda kwa mashua kumkaripia rafiki yake kwa mchezo mbaya, akakamatwa. Waingereza wakaondoa vipande vya mashine, wakaiacha stima pale pale. Hawakuhitaji kuizamisha siku ile, kwa maana mtu akiondoa kipande kimoja kisichoweza kuchongwa huku, ameondoa chombo kizima.

Wajerumani wa Ziwa Tanganyika walilijua jambo hilo, nao wakalitumia kinyume. Stima yao kubwa, Graf von Götzen, iliundwa na Meyer wa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa katika masanduku yapatayo 5,000 hata Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwezi wa Julai 1916 walipoona Kigoma itatwaliwa, waliamua kuizamisha. Lakini mafundi walioileta kutoka Papenburg hawakuipiga nyundo. Waliipaka mashine mafuta mazito kila mahali, kisha wakaishusha chini taratibu, kama mtu anavyozika mbegu ghalani. Wabelgiji waliiinua vita ilipokwisha, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza waliiinua mwezi wa Machi 1924.

Siku zile za Machi fundi alishuka tena ngamani na taa yake. Chombo kilikuwa kimelala majini sehemu kubwa ya miaka minane. Matope yalikuwa tele. Alifuta mafuta yaliyogandamana, akakuta chuma kilicho chini yake bado chafaa. Matengenezo yalichukua muda wa miaka mitatu, na mwaka 1927 stima ilianza kazi kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa lile. Mashine zile zile za mvuke ziliendelea kuzungusha rafadha zake mbili hata miaka ya 1970, ndipo zikatolewa na kuwekwa za dizeli.